Kiangazi Tulichoziba Koo la Zavos

2 Mei

Leo wanaume wa Kamaritsa wameziba Koo. Mume wangu Stergios amerudi na saruji kwenye nyusi, mabegani, hata ndani ya soksi, akaketi kula maharage kama mtu aliyetoka vitani na ushindi. Sikumgombeza kuhusu soksi. Furaha ni ya kijiji kizima na mimi ni mmoja wao, ndiyo maana nimeanza kuandika. Nataka nikikumbuke kiangazi cha kwanza ambacho mto wetu utafika nyumbani.

Maana Zavos ni mto wenye tabia mbaya. Huko juu unapita kwenye mawe meusi yaliyolala tabaka juu ya tabaka, mawe yasiyokunywa maji, na unafika na nguvu zake zote kwenye pipa langu. Pipa ni la mbao, limefukiwa ardhini mpaka shingoni. Maji yanaliangukia kutoka kwenye mfereji na kuzungusha kila kilichomo, na humo nafua mablanketi ya sufu ya nusu ya wilaya bila hata chembe ya sabuni. Chini kidogo ya pipa mawe meusi yanakwisha, mwamba mweupe wa chokaa unaanza, na hapo ndipo lilipo Koo, ufa wa kutosha kumeza mbuzi. Theluji inapoyeyuka mto unalilisha kidogo na kupita. Ikifika Juni Koo linakunywa wote. Kijiji kiko chini yake, kina daraja la mawe zuri ajabu, na chini ya daraja kokoto kavu. "Daraja mnalo, mto mmeazima wapi?" Hivyo ndivyo wanavyotutania sokoni tangu enzi za babu zao.

3 Mei

Mvua. Saruji imeshika.

11 Mei

Mama mkwe wangu, Polyxeni, alitaka kwenda kuliona Koo likiwa limefungwa mdomo. Anatembea kwa fimbo na kwa malalamiko. Alisimama mbele ya ule ukuta wa kijivu, akaugonga na fimbo.

"Shiba sasa," akaliambia. "Lilinimezea blanketi la sanduku langu la harusi. Jekundu. Mwezi ulikuwa haujaisha tangu niolewe hapa."

"Umeshaniambia, mama."

"Na nitakuambia tena, bi harusi."

Nina wajukuu na bado ananiita bi harusi. Naweza kuandika hapa bila wasiwasi kwamba mama huyu ananichosha, kwa sababu hasomi bila miwani, na miwani yake haijui iko wapi.

24 Mei

Mablanketi yamejaa mpaka mlangoni. Mikono inaniuma.

8 Juni

Mto umepita chini ya daraja, na ni Juni. Nimeshuka kuutazama kama mtalii. Thymios mwenye mkahawa amesogeza viti mpaka ukingoni, wateja wanavua viatu na kunywa kahawa miguu ikiwa majini. Watoto wanaokota manyoya ya sufu yanayotoka kwenye pipa langu, wanajibandika masharubu. Thymios ananung'unika kwamba manyoya yanamwingilia kwenye vikombe. Nimemwambia mwaka jana alikuwa akilalamikia vumbi, achague moja.

Stergios alikuwa amesimama darajani, mikono nyuma, watu wakimpiga bega. Nilimpenda leo kama siku za mwanzo.

12 Juni

Ndugu yangu Zisis kapiga simu kutoka Livadaki, ng'ambo ya mlima, nilikozaliwa mimi. Anasema chemchemi imepungua. Kwa kawaida wakati huu bomba linatoa maji unene wa paja. Sasa ni unene wa mkono. Nimemwambia ni ukame, theluji ilikuwa haba.

"Ukame tunaujua, dada. Huu una haraka."

Zisis analima yale maharage meupe makubwa, na maharage hayo hayajui kusubiri. Livadaki nzima inakunywa kwenye chemchemi hiyo moja, iliyo chini ya kanisa dogo la Mtakatifu Paraskevi. Nzima ni kusema tu. Zimebaki nyumba chache, na mojawapo ni ya mama yangu.

19 Juni

Joto. Zisis: kifundo cha mkono.

30 Juni

Hakuna hata wingu. Zisis: kidole gumba. Hapa kwetu mto unapita vizuri na watoto wamejifunza kuogelea.

7 Julai

Zisis hakutaja unene wa kitu chochote leo, nikajua kuna jambo.

"Nasubiri mpaka sikukuu ya Bikira, Agosti," akasema. "Maji yasiporudi nafunga nyumba. Nakwenda kwa binti yangu mjini na mama nakwenda naye."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Kasema nini?"

"Kasema niende salama, nisisahau koti."

Tulicheka wote wawili, kisha hakuna aliyecheka. Mama yangu hajawahi kulala mahali ambapo hawezi kuona mlima ule. Kumweka ghorofa ya nne mjini ni kumzika akiwa anapumua, na Zisis anajua, lakini mtu hawezi kumnywesha mzazi wake upepo. Simlaumu. Nimefua mchana kutwa kwa hasira, nimechana blanketi la watu.

18 Julai

Zisis: kidole cha mwisho.

26 Julai

Sikukuu ya Mtakatifu Paraskevi. Nilizunguka mlima kwenye gari la muuza samaki, nikafika Livadaki nikinuka dagaa. Mama yangu alinibusu na kuniambia ninanuka.

Kwetu Livadaki, siku hii wanawake wanakwenda na bakuli jeupe kwenye chemchemi. Mtakatifu Paraskevi, sote tumelelewa hivyo, anasokota sufu ndani ya mlima. Anasokota siku zote isipokuwa Ijumaa, na manyoya yanayomdondoka yanatoka na maji. Ukiyakinga kwenye bakuli siku yake na kuyapitisha machoni, macho yanapona. Mama yangu anayo nyuma ya picha takatifu, kwenye kijaluba. Nilipoolewa alinishonea kidogo kwenye kitambaa, na kingine akampelekea mama mkwe.

Leo bakuli lilikaa chini ya ule uzi wa maji ibada nzima. Padri alimaliza, tukasogea, tukachungulia. Hakukuwa na kitu. Wazee walisema haijawahi kutokea, hata mwaka ule wa njaa. Mmoja akasema kuna mwanamke amevunja mwiko, amesokota Ijumaa. Wakaanza kutazamana, kina mama ambao hata sindano wanaiona kwa shida. Mama yangu alilia, si kwa sauti, alikuwa tu anafuta uso kwa ncha ya kilemba na kusema, "Ametuacha, Haido. Huyu naye ametuacha."

Nilimshika mkono nikiangalia bakuli tupu. Ndipo nikawaona akilini wale watoto wa Kamaritsa na masharubu yao.

Miaka yangu yote pale darajani, kiangazi hayakuwahi kuonekana manyoya, maana Koo liliyameza pamoja na mto. Mwaka huu yamejaa mpaka kwenye vikombe vya Thymios, na huku bakuli ni jeupe tupu. Nilijiona mpumbavu. Nimezaliwa kwenye maji yanakotokea na kuolewa kwenye maji yanakozama, nimejifuta macho kwa sufu ile na nimeifua kwa mikono hii, na sikuwahi kuunganisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, tunasema. Sisi tumeziba ufa na ukuta ulioanguka ni wa mama yangu.

Sikumwambia. Ningemwambia nini, kwamba mtakatifu wake ni mablanketi yangu?

27 Julai

Nimemweleza Stergios. Alisikiliza akipaka siagi kwenye mkate, akaendelea kuipaka hata baada ya siagi kwisha.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemkausha mama yako."

"Sijasema hivyo."

"Umesema mlima una bomba ndani, na mimi nimelifunga."

"Ninyi wote mmelifunga."

"Saruji nilichanganya mimi, Haido. Kila mtu anajua nilichanganya mimi." Akaondoka, mkate ukabaki. Amekuwa akipita pale darajani kila jioni kama mwenye mali, na sasa nataka kumwambia mali ni ya wizi. Hata mimi nisingejisikiliza.

30 Julai

Nilimpigia simu Myrsini, yule mwanajiolojia aliyepanga chumba kwetu majira ya kuchipua akichora ramani ya mawe. Kijiji kinamwita Binti Mawe, naye anaitika. Amekuja leo, amepanda mpaka mgongoni mwa mlima, akashuka ng'ambo, akarudi na muuza samaki.

Alinieleza mezani kwa kutumia pai ya mboga. Mwamba wa chokaa uko juu na una mashimo, ndio mboga. Mawe meusi yako chini na hayapitishi kitu, ndio unga wa chini. Kisha akainua sinia upande mmoja. Tabaka zetu zimeinamia Livadaki. Maji yakiingia kwenye Koo yanapenya chokaa, yanafika kwenye jiwe jeusi, yanateleza juu yake gizani mpaka pale sinia linapoishia, na linaishia chini ya kanisa. Mafuta ya pai yalifika ukingoni na kumwagika kwenye kitambaa changu kizuri. Nilimwelewa kabisa.

"Ninaamini ndivyo," akasema. "Kuapa siwezi, shangazi. Ili niape lazima nimwage rangi kwenye Koo nione inakotokea."

"Na Koo limefungwa."

"Ndiyo. Walinialika siku ya saruji, sio kabla."

Wanaume hawafungui bila uthibitisho, na uthibitisho haupatikani bila kufungua.

1 Agosti

Naandika nikiwa bado na maumivu ya mbavu.

Mama mkwe alinikuta jikoni nalia juu ya vitunguu ambavyo sikuwa nimevikata. Akaketi, akaniamuru niseme. Nikasema yote. Nilitegemea aniambie mtakatifu atanilaani. Aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na kile kitambaa alicholetewa na mama yangu siku ya harusi yangu. Kimechakaa kwa kushikwa.

"Hii," akasema, "nimejipitishia machoni kila Ijumaa tangu uingie nyumba hii. Nilikuwa naona ukungu, ukungu ukaondoka. Daktari alisema ni dawa yake, nikamwambia anyamaze."

"Samahani, mama."

"Ni sufu ya hapa?"

"Nadhani ni ya pipa letu."

"Pipa lilikuwa langu kabla halijawa lako." Alikitazama kitambaa. Mdomo ukaanza kumtetemeka, nikadhani analia. "Yaani mama yako amenitunuku mablanketi yangu mwenyewe. Na mimi nikambusu mikono." Akacheka mpaka fimbo ikaanguka, na mimi nikaanguka na kiti. Alipopata pumzi aliuliza kama huko kwetu hawajawahi kuona blanketi jekundu. Nikasema hapana. "Litakuwa limekwama," akasema. "Ndiyo maana yanatoka manyoya tu."

Kisha akanishika kidevu kwa vidole vyake vikavu. "Mama yako anakunywa nini sasa hivi?"

Nilimwambia. Hakucheka tena. Nimemwandika vibaya mwanamke huyu humu ndani, na nimemrudishia miwani yake.

3 Agosti

Mama mkwe ameingia mkahawani, mahali ambapo hajakanyaga tangu azikwe mumewe, akagonga sakafu kwa fimbo na kuwaeleza. Thymios alisikiliza kwa adabu. Sikukuu ya Bikira imekaribia, akasema, watu wetu wa mjini na wa Ujerumani wako njiani, wote wameahidiwa mto. Baada ya sikukuu, tutaangalia.

"Baada ya sikukuu kuna ghorofa ya nne," mama mkwe akamjibu.

"Bibi, Livadaki wana nyumba ngapi? Sisi tuna watoto wanaoogelea."

Hakusema kwa ubaya. Ni kweli wanaogelea. Mimi mwenyewe nimekaa pale na miguu majini na sitaki kokoto zirudi. Mikono ikanyooshwa, wengi wakataka kungoja. Stergios aliketi pembeni, hakunyoosha mkono upande wowote. Nilimchukia kwa hilo kuliko wale walionyoosha.

4 Agosti

Hatusemeshani. Zisis: uzi.

5 Agosti

Stergios kaenda bondeni kununua majani ya mifugo. Karudi jioni bila majani, na sahani iliyofunikwa kwa kitambaa. Akaiweka mezani, akaenda kwenye zizi. Ndani ilikuwa pai ya jibini, kingo zimesokotwa namna ambayo mtu mmoja tu duniani anasokota.

Nimempigia Zisis. Anasema shemeji alifika, akamkuta mama amepiga magoti kwenye chemchemi anachota kwa kijiko cha supu, anajaza ndoo. Stergios akamwondoa, akapiga magoti yeye, akachota mpaka ndoo ikajaa. Mama alimpa pai kwa sababu alikuwa mgeni.

6 Agosti

Asubuhi nimesikia nyundo chini kidogo ya pipa langu. Nilikimbia na ndala. Stergios alikuwa ndani ya maji mpaka mapajani, anapiga ule ukuta wake.

"Nilichanganya mimi," akasema bila kugeuka, "nitaubomoa mimi."

Hakuubomoa wote. Alitoboa dirisha upande wa chini, akaacha kizingiti, ili Koo linywe kwanza na ziada ipite kwenda darajani. Maji yalipoligusa, Koo lilitoa sauti ya mtu aliyekuwa na kiu. Nikaingia majini na nguo zangu, nikamkumbatia mgongo, saruji na jasho na yote. Akaniambia nitamwangusha.

Myrsini alifika baadaye, akamwaga rangi yake ya kijani isiyodhuru mtu wala samaki.

7 Agosti

Chini ya daraja mto umebaki wa kufika vifundoni. Thymios hanisalimii. Zisis: uzi.

8 Agosti

Zisis: uzi.

9 Agosti

Uzi. Zisis ameshusha masanduku kutoka darini. Nimemwomba Myrsini aniambie ukweli, akasema mlima hauna saa, huenda siku chache, huenda mwezi, na huenda amekosea. Usiku sikupata usingizi, na nikimgusa Stergios namkuta naye yuko macho.

10 Agosti

Mteja mmoja wa Thymios kamwambia Stergios darajani, "Umetuharibia mto kwa ajili ya mama mkwe." Stergios kamjibu, "Wewe huna mama mkwe, ndiyo maana una muda." Huko Livadaki, uzi.

11 Agosti

Zisis hakupiga. Mimi nilipiga, simu haikupokelewa. Mama mkwe amekaa karibu na simu na kitambaa chake mkononi, anasema anapumzika tu.

12 Agosti

Simu imelia tukiwa mezani. Zisis alikuwa anahema.

"Jana bomba lilikohoa tope kutwa nzima, sikutaka kukwambia. Nilidhani linakata roho. Leo ni kifundo cha mkono, dada. Na ni kijani."

"Kijani?"

"Kama sharubati. Padri amekuja kutazama. Mama anasema lolote lile, mradi ni maji."

Niliwaambia waliokuwa mezani. Myrsini akaruka kama mtoto, akapiga goti lake kwenye meza. Stergios aliweka uma chini, akafunika uso kwa viganja vyote viwili. Mama mkwe alijipitishia kitambaa machoni, jicho moja, kisha la pili, na ilikuwa siyo Ijumaa. Mimi nililia waziwazi. Tangu Juni nilikuwa nimebeba jiwe kifuani, sasa limetoka na nimebaki mwepesi mpaka naogopa.

13 Agosti

Mkono. Zisis amefungulia maharage maji. Nusu yamekufa, nusu yataishi, naye anaongelea ile nusu hai tu. Nimemweleza mama kwamba Stergios ndiye aliyeziba na ndiye aliyefungua. Thymios amenisalimia, kwa kichwa.

14 Agosti

Wageni wamefika. Waliahidiwa mto, wamekuta kijito cha vifundoni, na wameketi hapo hapo na miguu ndani, wanaagiza. Thymios anawasimulia habari za sinia na pai kana kwamba alizigundua yeye.

15 Agosti

Sikukuu ya Bikira. Baada ya ibada nilimpigia mama yangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi yake, nikakutana na sauti ile anayotumia kwa muuza samaki.

"Sikulala," akasema. "Maji yanapiga kelele chini ya dirisha usiku kucha. Nilikuwa nimezoea kimya. Mwambie mumeo."

Nikamgeukia Stergios, alikuwa anakata nyama. Nikamwambia mama hajalala kwa kelele za maji.

Akafikiri kidogo, kisu mkononi. "Muulize kama anataka nizibe tena."

Nikamuuliza, nikaongeza kwamba mwenye swali anakata nyama ya sikukuu. Kule ng'ambo ya mlima kukawa kimya, na ndani ya kimya hicho niliyasikia maji yenyewe, mazito, yakianguka kwenye jiwe.

"Mwambie," mama yangu akasema, "akishika tena mwiko wa saruji nitavuka mlima kwa miguu, na nyama hiyo anayokata nitaila mimi."